Nilivyopeleka Posa Nikijaza Pigo la Radi

Hii habari nikianza tu kuisema masikio yangu yanapata moto, moto kabisa, mtu angeweza kuchoma mahindi hapo kando akauza. Kwa muda mrefu watu wakiniuliza kwa nini siku hizi nazunguka njia ya mbali kwenda kazini, nawaambia daktari amesema nifanye mazoezi. Daktari hajasema kitu. Kuna geti moja la mabati huko Bula Pesa, hapa Isiolo, ambalo sitaki kulipita, kwa sababu nyuma ya hilo geti, mchana kweupe, mbele ya wazee, wanawake, mbuzi na majirani waliopanda juu ya ndoo ndio waone vizuri, mimi Ekiru niligundua kwamba nimekuwa mchumba wa mtu kwa majuma mengi na mtu wa mwisho kupata habari ni mimi mwenyewe.

Tuanze na shule. Mimi ni mhitimu wa shule ya usiku, ile wengine huita ngumbaru wakicheka, na wacheke, kwa sababu nilipomaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu zenye mvi mbili tatu, hakuna mtu katika kaunti nzima aliyetembea na kifua mbele kunishinda, hata jogoo walikuwa wananipisha. Lakini hakuna aliyenionya kwamba siku ukimaliza shule unanyang'anywa pia watu. Tulikuwa wanafunzi wanne tuliokaa dawati la nyuma, tukigawana kalamu, chapati na majibu, na mmoja wetu ndiye aliyetuwekea kwenye simu ule mchezo, tukawa kikosi. Shule ilipoisha mmoja akaolewa, mmoja akapata mapacha (tangu hapo hata salamu yake huja nusu), na yule mwenye mchezo wake akapata kazi Sericho, na kutoka huko kupata mtandao ni mpaka usimame juu ya ngamia mrefu siku isiyo na upepo. Nikabaki mimi, kazi yangu ya kupima misumari na kubeba saruji katika duka la vifaa vya ujenzi, chumba changu kimoja, na shujaa wangu ndani ya simu, kijana mwenye upanga na kifua ambacho mimi sijawahi kuwa nacho.

Kwa wale wasioujua, huu mchezo unatembea na wewe. Ramani yake ni ramani ya mji wako wenyewe, barabara zako, kona zako, ila juu yake kuna duara za rangi ya bluu, na ukiingia ndani ya duara vibwengo wanatokea uwapige. Upanga wa kawaida kila mtu anao. Kinachotofautisha mwanaume na mwanaume ni pigo maalum, na langu lilikuwa Pigo la Radi, ambalo hujazwa polepole kama ndoo chini ya mfereji unaodondoka, tone kwa kila kibwengo unayemuua bila kutoka ndani ya duara. Ukitoka, ndoo inamwagika. Sasa wajinga hukimbilia duara zenye majitu makubwa, wakidhani jitu kubwa ni tone kubwa. Ni kweli ni tone kubwa, lakini jitu moja utapigana nalo mpaka chai ipoe, na likikupiga unarudi sifuri. Siri ni kutafuta duara yenye vibwengo wadogo, dhaifu, wanaozaliwa haraka, tena yenye vidimbwi viwili wanamozaliwa, ndio ukimaliza wa kushoto wa kulia wawe wamezaliwa tena, ukiwamaliza hao, wa kushoto wamerudi, na wewe umesimama pale pale kama mtu anayekama mbuzi. Hapo mimi ni profesa. Kama wangetoa shahada, ningevaa joho.

Niliusaka mji wote. Duara ya soko la mifugo ilikuwa na majitu, tena huwezi kuangalia simu huko bila ngamia wa kweli kukukumbusha dunia ni ipi. Ya karibu na stendi ilikuwa nzuri, lakini vidole vya wezi wa pale vina kasi kuliko vya shujaa wangu. Ya karibu na msikiti ilikuwa tamu sana, na nikaona aibu kusimama nikipunga simu mbele ya watu wanaokwenda kusali. Mwishowe nikaipata ile ya Bula Pesa, kwenye uchochoro, kando ya ua wa mabati: vidimbwi viwili, vibwengo wadogo wa kijani wanatoka kama mbuzi wanaofunguliwa asubuhi. Wallahi (mimi ni Mkristo, lakini ukikaa Isiolo hilo neno utalisema tu) nilitaka kupiga magoti.

Basi kila siku nikitoka kazini saa kumi, nakwenda kuegemea yale mabati. Nikaegemea siku kadhaa. Siku moja sauti ya mwanamke ikaja juu ya ua.

"We! Unapiga picha gani hapo?"

"Sipigi picha, dada."

"Kila siku uko hapo unaangalia simu unaangalia nyumba, unaangalia simu unaangalia nyumba. Unahesabu mabati?"

Hapa ndipo. Hapa ndipo ningesema ukweli, nacheza mchezo, kwaheri, nikaenda zangu, na leo ningepita njia ya karibu. Lakini nilijiangalia, mtu mzima, mhitimu, viatu vina vumbi la saruji, nikaona haya kumwambia mwanamke kwamba nawinda vibwengo. Mdomo ukajifungulia wenyewe.

"Nimekuja kumsalimia mama wa hapa."

Sikujua hata kama kuna mama wa hapa. Alikuwepo. Sauti nyingine, ya mzee, ikasema kwa Kiborana kitu nisichokielewa, kisha kwa Kiswahili: "Si aingie? Jua nataka kuua yeye huko nje."

Nikaingia. Nikakuta ajuza mwembamba aliyekaa kwenye mkeka, macho yake yana ukungu lakini yanakuona mpaka mfukoni, na kila mtu mtaani alimwita Akoo, yaani bibi. Yule wa kwanza alikuwa binti yake, Kabale, mwanamke wa makamo yangu aliyeachika kule Kinna akarudi kwa mama yake, na alikuwa na cherehani kwenye baraza akishonea watu sare za shule na madera. Nikasema salaam aleikum, nikapewa kigoda. Nikaangalia simu kwa jicho la pembeni. Ndugu zangu, kile kigoda kilikuwa katikati ya duara kabisa. Vidimbwi vyote viwili vilikuwa ndani ya ule ua, kimoja kwenye banda la mbuzi, kingine karibu na choo.

Akoo aliniuliza, "Umekula?"

Nikasema ndiyo, kwa adabu, na yeye akaniletea chai ya maziwa ya ngamia na mandazi kama mtu ambaye hajasikia jibu. Nataka niseme kitu hapa na msicheke. Hilo swali nilikuwa sijaulizwa tangu shule iishe. Kazini huuliza, "Umebeba?" "Umehesabu?" Nilikunywa ile chai taratibu sana, mpaka vibwengo wakanipiga nikafa.

Basi nikawa mtu wa kuja. Na kwa kuwa nilisema nimekuja kusalimia, ilibidi nisalimie kweli, na mtu anayekuja kusalimia kila siku mikono mitupu ataonekana amekuja kwa ajili ya mandazi, kwa hivyo siku moja nikabeba sukari. Akoo aliipokea kwa mikono miwili akaniombea dua ndefu, nusu naijua nusu siijui, nikaitikia amina kila alipovuta pumzi. Kabale akainua macho kwenye cherehani.

"Ekiru, kwani umeingia vyama vya kina mama?"

"Sukari tu, dada."

"Haya. Na hiyo simu ndiyo bibi yako? Maana hamuachani."

"Bibi gani anaisha chaji kila jioni?"

"Wako wengi," akasema, akakata uzi kwa meno, na akacheka, na mimi nikaenda nyumbani na kile kicheko kama mtu aliyebeba yai.

Siku nyingine aliniuliza ni nini hasa nafanya, na hapo sikuwa na haya tena, nikamweleza yote kama profesa, duara, vidimbwi, ndoo, nikamwonyesha kwenye ramani ile bluu imekaa juu ya nyumba yao kama kofia. Alisikiliza akipinda ukosi wa shati la mtoto wa mtu.

"Kwa hivyo unakaa mahali pamoja unapiga vitu vidogo vidogo mpaka upate nguvu ya kupiga kitu kikubwa."

"Hapo umeelewa kuliko wanaume wengi."

"Na hicho kitu kikubwa kiko wapi?"

"Kitakuja."

"Mm," akasema, akarudi kwenye ukosi wake.

Sasa kosa la pili, ambalo ndilo lililoniua. Nilitaka kumletea Akoo kitu kinachomfaa mtu mzima, sio sukari kila siku kama mgonjwa wa hospitali. Nikaenda kwa Adan mwenye duka la kona, nikamuuliza, mama mzee wa Kiborana, nyumba ya heshima, mtu anapeleka nini? Adan aliniangalia kutoka kichwani hadi kwenye vumbi la saruji, akaenda nyuma, akarudi na buni, ile kahawa nzima ambayo wao huikaanga na samli, akaweka tumbako ya kutafuna, akaongeza sukari, akafunga yote kwenye kitambaa kipya kwa mafundo mazuri ambayo mimi sikumwomba.

"Mungu akufungulie," akasema, akanishika mkono akautikisa mpaka bega likaniuma. "Sikujua wewe uko na moyo namna hii."

Nikadhani anasifu adabu zangu. Mimi! Niliyezaliwa hapa, niliyekaa na Waborana mlango kwa mlango maisha yangu yote, niliyepata alama nzuri kwenye somo la historia! Kwetu Waturkana tukitaka mke tunazungumza mifugo mpaka koo zikauke, na sikuwahi kukaa nikamuuliza mtu wao wanaanzaje. Kumbe wao wanaanza na buni na tumbako. Kumbe ukiweka buni na tumbako mbele ya mama wa msichana, umeshafungua mdomo na kusema kila kitu, na kinachobaki ni wao kukujibu.

Akoo hakufungua kile kifurushi. Alikiangalia, akakiinua akaenda kukitundika ndani kwenye mwamba wa nyumba. Kabale siku hiyo hakunitania. Cherehani ilikwenda kasi kuliko kawaida. Nikajiambia labda tumbako haikuwa ya aina anayopenda.

Majuma yakapita, kisha Jumamosi moja Akoo akaniambia, "Kesho mchana kuja. Vaa nguo safi."

Nikajua ni chakula. Nilivaa lile koti la mahafali ya shule ya usiku, nikajipaka mafuta mpaka nzi wangeteleza, nikaweka simu mfukoni, nikaenda nikipiga mluzi. Nikafungua geti nikakuta viatu vingi nje. Kwenye mkeka, chini ya baraza, wamekaa wazee watatu wenye kofia za kushona na fimbo zao zimelala mbele yao, na nyuma ya ua, kama nilivyosema, majirani wako juu ya ndoo.

Wa katikati alikuwa Mzee Guyo, ndugu ya marehemu baba yake Kabale. Alikuwa amesafiri kutoka Kinna kwa lori la wafanyabiashara, vumbi bado liko kwenye nyusi zake.

"Wewe ndio Ekiru?"

"Ndiyo, mzee."

"Kaa. Watu yako iko njiani?"

"Watu gani, mzee?"

Wazee wakaangaliana. Mmoja akakohoa. Mzee Guyo akajaribu tena, polepole, kama mtu anayefundisha ndama kunywa.

"Hii maneno mtu hakuji peke yake. Wewe umekuja mara ya kwanza peke yako, tukasema sawa, pengine Turkana nafanya hivyo. Leo ni siku ya kujibu. Watu yako wako wapi?"

"Maneno gani, mzee?"

Akoo alikuwa ameshatoka ndani na kile kifurushi, mafundo ya Adan hayajaguswa, akakiweka katikati ya mkeka.

"Hii ni ya nani?" Mzee Guyo akauliza.

"Ni yangu. Nilimletea Akoo."

"Hii ni buni?"

"Ndiyo."

"Hii ni tumbako?"

"Ndiyo."

"Basi," akasema Mzee Guyo, "sisi tumetoka Kinna kwa ajili ya hii."

Mnajua vile maji ya moto yanaanza kuchemka kutoka chini? Ilianza kwenye nyayo. Nikaelewa ule mkono wa Adan, kile kifurushi kilichotundikwa bila kufunguliwa, ile cherehani, nikaelewa yote kwa pamoja, na jasho likatoka hata mahali ambapo binadamu hatakiwi kuwa na jasho. Na Mzee Guyo alikuwa anaendelea, mtu mpole, mtu wa haki kabisa.

"Wewe ni Turkana. Hiyo tumekaa tumeongea. Damu imewahi kumwagika, lakini pia tumewahi kunywa kisima moja. Dini, hiyo iko na njia yake kama wewe nataka. Lakini sisi hatuwezi kupatia binti mtu hewa. Baba yako?"

"Alikufa, mzee."

"Mama?"

"Pia."

"Ndugu ya baba?"

"Sijui waliko. Walirudi Lodwar nikiwa mdogo."

"Rafiki? Jirani? Mtu moja tu, anaweza kuja hapa aseme, huyu najua yeye nalala wapi, najua yeye nakula nini?"

Ningetaka kuwaambia hapa kwamba nilijibu vizuri. Nilitafuta mtu. Nilitafuta kichwani mwangu kama vile mtu anapapasa mfuko ulio na tundu, nikapita kazini, nikapita dawati la nyuma, nikapita nyumba ninayolala, na sikupata hata mmoja ambaye ningeweza kumpigia Jumapili mchana nikamwambia njoo useme unanijua. Wazee walikuwa wananingoja. Na kwa kuwa mimi nikibanwa lazima nichekeshe, nikatoa simu.

"Niko na kikosi," nikasema.

Nikawaonyesha. Mashujaa wanne wamesimama kwa mstari, wangu mbele ana rangi, wale watatu wengine ni kijivu. Simu ikapita mkono kwa mkono. Mzee mwenye kikohozi akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Hawa wamekufa?"

"Hapana mzee, wamelala. Hawajaingia siku nyingi."

"Si uamushe hao, wakuje."

Nje ya ua mtu akaanguka kutoka kwenye ndoo kwa kucheka. Basi nikaona heri nimalize yote. Nikasema wazee mnisamehe, kuna kosa limetokea, mimi sikuja kuoa, mimi nilikuja kwa sababu ya mchezo, hapa kwenu ndiyo mahali pazuri kuliko pote Isiolo pa kujazia Pigo la Radi, vidimbwi viwili, kimoja kwa mbuzi kimoja kwa choo, na ile sukari ilikuwa adabu tu, na hii buni ni Adan. Niliongea kwa kasi, mikono ikipiga vibwengo hewani ili waelewe. Akoo hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anaangalia mlango.

Kabale alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa dera jipya, la rangi ya machungwa, shingo yake imeshonwa kwa uzi wa dhahabu, kazi ya siku nyingi. Hakuwa na futi ya fundi shingoni kama kawaida. Alikuja akaichukua simu kwenye mkono wa yule mzee.

"Nionyeshe hiyo duara."

"Kabale..."

"Ulinionyesha siku ile ilikuwa juu ya nyumba yetu kama kofia. Mimi naona nyumba yetu hapa. Kofia iko wapi?"

Akasogeza ramani kwa kidole, taratibu, akipita duka la Adan, akipita barabara kubwa, mpaka akaikuta.

"Iko kule kwenye kituo cha petroli. Ilihamishwa lini?"

"Wao hubadilisha ramani..."

"Lini, Ekiru?"

"Kabla ya Ramadhani."

Ramadhani ilikuwa imeisha, Idi tulikuwa tumekula pilau pale pale kwenye ule ua, na mimi siku zote hizo nilikuwa nakuja saa kumi, nakaa kwenye kigoda, nashika simu mkononi kama mtu mwenye shughuli, na hakuna kibwengo hata mmoja. Pigo langu halikuwa limeongezeka tone. Nilikuwa nafungua ule mchezo ili tu nipate cha kushika.

"Sasa ulikuwa unakuja kufanya nini?" Kabale akauliza.

Aliuliza kwa sauti ya chini. Hakuwa ananicheka. Na jibu nilikuwa nalo, lilikuwa limekaa kwenye ulimi kabisa, kwamba hapa ndipo naulizwa kama nimekula, kwamba nasikia ile cherehani hata nikiwa napima misumari, kwamba saa tisa na nusu naanza kuangalia saa. Maneno mepesi, mtoto wa darasa la kwanza angeyasema. Nikaangalia wazee, nikaangalia vichwa vilivyopangwa juu ya mabati kama vibuyu, nikasema:

"Mtandao wa hapa ni mzuri."

Mji mzima ulicheka. Mimi pia nilicheka, ndiyo mbaya zaidi. Wazee walificha midomo kwa vitambaa vyao. Kabale alingoja kicheko kiishe, akanirudishia simu, akaigeuza kwanza ndio kioo kisichafuke, maana alikuwa mtu wa kutunza vitu vya watu.

"Abba Guyo aliniuliza asubuhi kama nakukataa," akasema. "Nilikuwa sijakukataa. Sasa nimekukataa."

Akaingia ndani. Baada ya kidogo tukasikia cherehani, na ilikuwa Jumapili, siku ambayo huwa hashoni.

Mzee Guyo akakisukuma kile kifurushi kwa ncha ya fimbo mpaka kikagusa goti langu. Hakuwa na hasira. Aliniambia tu, "Chukua. Hatuwezi kukaa nayo." Akoo hakuniombea dua. Alinishika kichwani kidogo na mkono wake mkavu, na nikatoka.

Mnadhani imeisha? Kutoka pale hadi kwangu lazima ukate mji. Na kila Mborana, kila Msomali, kila mtu mwenye macho katika Isiolo, akiona mwanaume ndani ya koti la mahafali amebeba buni na tumbako kwenye kitambaa chenye mafundo, anatoka upande wa nyumba za watu badala ya kwenda, anajua huyo posa yake imerudishwa. Nilijaribu kukificha ndani ya koti nikaonekana mjamzito. Vijana wa bodaboda wakazima pikipiki zao kwa heshima. Mmoja akauliza, "Mzae, wamekurudishia?" mwingine akamjibu, "Wacha, ni wa Pigo la Radi," na hapo nikajua habari imenitangulia, kwamba ilipanda pikipiki mimi nikitembea. Adan alitoka dukani mbio.

"Walisema nini?"

"Walisema asante."

"Ni ile tumbako," akasema Adan, akishika kichwa. "Ningekupatia ile kali."

Alitaka kurudisha mali dukani anipe pesa yangu, kwa kunihurumia. Nikamwambia akae nayo yote, na akakaa nayo, na mpaka leo akiniona nanunua kiberiti hapo kwake ananiongezea kingine bure, jambo ambalo linaniumiza kuliko bodaboda wote.

Ule mchezo nimeufuta. Watu huniambia si mchezo uliokukosesha, na wako sawa, ungekuwa ni mpira ningesema nimekuja kutazama mpira. Kilichonikosesha ni kwamba nilipata mahali pa kukaa nikaogopa kusema napenda kukaa hapo. Kwa hivyo nimeapa, na ninyi ni mashahidi wangu, kwamba sitaenda tena kwa mtu yeyote nikiwa nimebeba sababu. Nikienda, nitasema nimekuja kwa sababu kukaa peke yangu kumenishinda, hata kama wamejaa wazee hadi kwenye paa.

Nilianza kujaribu Jumapili iliyopita. Ukuta wangu mmoja nimeshiriki miaka yote na Mwiti, Mmeru anayeuza nyanya, na kwa miaka hiyo tumesemezana labda mambo ya mita ya stima na paka. Nilibisha mlango wake mchana. Akafungua akiwa na fulana, mdomo umejaa githeri.

"Sina shida yoyote," nikamwambia, na moyo unapiga kama nimepeleka posa ya kweli. "Nimekuja kukaa tu."

Mwiti alitafuna. Aliniangalia mikono, akaona mitupu, akaniangalia mifuko. Akasogea kando ya mlango, lakini sio sana.

"Kaa," akasema. "Lakini kwa hii nyumba hakuna msichana. Umesikia?"

Nikamwambia nimesikia, nikaingia.